Machozi ya Jicho la Kushoto

Soko la Beringharjo lilikuwa limefurika watu. Wening, mpambaji wa maharusi, alisimama mbele ya meza ya yasmini, blauzi ya kijani imemkaa sawasawa, leso mkononi. Jicho lake la kushoto lilikuwa likichuruzika machozi, kama ilivyokuwa kila siku kwa miaka miwili.

"Mbak, dada yangu, maua haya yanakuliza?" aliuliza muuzaji, kijana mrefu aitwaye Danang, huku akiendelea kuyatunga.

"Bei yako ndiyo inayoniliza, Mas," alijibu, akimwita kaka kwa adabu.

Danang akacheka, akapunguza bei, akaomba namba. Mvua zilipoanza, walikuwa wakipigiana simu asubuhi na jioni.

Kisha ikaja harusi ya Pratomo, aliyewahi kumchumbia Wening. Mama wa bibi harusi akataka Wening huyo huyo amchore binti yake paji la uso kwa rangi nyeusi, kama ilivyo desturi ya maharusi. Wening akakubali, kazi ni kazi. Danang alipoleta maua, akamkuta ameinama mbele ya bibi harusi, shavu limelowa. Akaweka kikapu chini, akaondoka.

Siku tisa Danang hakupokea simu. Wening akapiga tena siku ya kumi, naye akapokea.

"Bado unampenda," Danang alisema.

"Uliona jicho lipi likilia?"

"La kushoto."

"Na la kulia?"

"Lilikuwa kavu."

"Sasa nani anamlilia mwanamume kwa jicho moja, mpenzi wangu? Njia ya machozi imeziba. Daktari anataka kuizibua, nami naogopa kisu usoni. Niliona aibu kukuambia."

"Nimekuwa mjinga, Wening. Twende wote."

Daktari aliwaeleza kwa upole kwamba uso hautaguswa. Angepitisha kamera nyembamba puani, afungue njia mpya ya machozi, aache humo kijimrija laini kwa wiki kadhaa. Wening akavuta pumzi, akatia sahihi.

Alipozinduka, Danang alikuwa kando ya kitanda, shati la batiki limepigwa pasi, nywele zimechanwa.

"Umependeza hivyo unaenda wapi?"

"Kuposa."

"Usinichekeshe. Nikicheka kamasi zitanitoka, nami nimekatazwa kupenga."

"Sitanii. Nataka mama yangu aje kwenu Jumapili."

"Nimpokee na pamba puani?"

"Mpokee hivyo hivyo. Mimi siwezi kungoja hadi itoke."

Wening akaomba apewe simu yake.

"Mama," alisema kwa sauti ya mafua, "Jumapili pika gudeg ya kutosha. Tuna wageni."