Dawa Kali kwa Mdudu Asiyejulikana

Fundi cherehani alishona sare za shule huku sikio lake likiwa chumbani, alikolala mumewe. Mume alikuwa mwashi. Msumari ulimchoma unyayo kazini, akasema ni kitu kidogo. Wanaume na vidonda vyao! Mguu ulipovimba, fundi alikimbilia duka la dawa. Muuzaji hakuuliza lolote. Alimpa kapsuli, akasema hizo ndizo kiboko ya vidonda. Usaha ulipozidi, akampa nyingine kali zaidi.

Nyumbani walifanya kama walivyozoea. Kapsuli moja ilimezwa, ya pili ilifunguliwa, na unga wake ukanyunyizwa kwenye kidonda. Kidonda kikazidi kuoza. Hospitalini daktari alisema wazi kwamba mguu huenda ukakatwa. Mwashi wa mguu mmoja atapandaje jukwaa la ujenzi? Fundi akamlaani yule muuzaji.

Wifi yake, dada wa mumewe, alifanya kazi katika maabara ya hospitali hiyo. Alichukua usaha, akaotesha bakteria waliokuwemo. Kesho yake alichukua wachache, akawachanganya na maji maalumu, akadondosha tone kwenye kipimo kidogo cha plastiki. Mistari miwili ikajitokeza.

"Mstari wa kwanza unasema kipimo ni kizima," wifi alimweleza fundi. "Huu wa pili ndio wenye habari. Hapa pamepakwa kingamwili. Mwili hutengeneza kingamwili ili kumtambua adui. Hizi zimetengenezwa maabara, nazo zinatambua kitu kimoja tu, silaha ambayo bakteria sugu hutumia kuvunjavunja dawa. Zimeikamata. Kapsuli zenu zilikuwa zinavunjwa kabla hazijafanya kazi."

"Basi mchomeni hizo kingamwili apone."

"Hizi ni za kugundua, wifi yangu, si za kutibu. Mbwa hubweka mwizi akija, lakini hamfungi jela."

Fundi hakucheka. Wifi akamwambia pia kwamba ule unga haukusafisha kidonda, uliwapa bakteria nafasi ya kuizoea dawa. Kisha akapima ni dawa gani bado inawaweza. Ilipatikana moja. Daktari akabadilisha matibabu, akasafisha kidonda, na mwashi akatumia dozi mpaka mwisho. Mguu ukapona.

Hasira ya fundi haikupona. Alikwenda dukani pamoja na mumewe. Walimkuta muuzaji akimhesabia kapsuli zilezile mama mmoja aliyembeba mtoto mwenye mafua.

"Ulijuaje ni bakteria gani waliokuwa mguuni mwa mume wangu?" fundi aliuliza.

"Si ulitaka dawa mwenyewe?"

"Nilitaka apone. Wewe uliniuzia kubahatisha, ukasema ni dawa. Na huyu mtoto ana mafua. Mafua ni ya virusi, kapsuli hizo haziviui. Unawazoeza dawa bakteria wa nani?"

Muuzaji alijifanya kupanga chupa. Yule mama alirudisha kapsuli mezani, akauliza hospitali iko wapi. Mwashi akatangulia kumwonyesha njia, kwa miguu yake miwili.