Nakala ya Tatu

“Rudia,” alisema mpiga picha. “Uliponiuzia kifaa hiki, ulisema kina diski ngapi?”

“Mbili,” fundi wa kompyuta alijibu.

“Na moja ikifa?”

Wateja waliokuwa wakichagua nyaya waliacha kuchagua. Mpiga picha alikuwa amevaa lile gauni jekundu la siku yeye na fundi walipokutana kwenye kaunta hiyo hiyo ya duka, alipokuja kutafuta kifaa cha kuhifadhi picha za studio yake. Leo alilivaa makusudi, limchome fundi moyo.

Kando ya kifaa kilichokufa, alichokuwa amekiacha dukani hapo miezi miwili iliyopita, akaweka kingine kipya, kutoka duka la jirani. Akavilinganisha kwa sauti ya mnadani. Hiki kina diski nne, moja ikifa zilizobaki zinashika kazi. Kile kina mbili, na fundi aliziunganisha ziwe kama moja ili nafasi iongezeke, basi moja ilipokufa iliondoka na mwenzake. Humo zilikuwamo picha zote za marehemu mama yake.

“Ulitaka nafasi, mpenzi,” fundi alisema.

“Nilimtaka mama yangu. Mpenzi ni nani hapa?”

Miezi miwili alikuwa ameizuia namba ya mchumba wake huyu, akikipika kisasi kwa moto mdogo. Sasa kimeiva.

Fundi aliinama, akatoa diski nyingine iliyofungwa kwenye kitambaa. Alieleza kwamba ile iliyokufa aliipeleka mara tatu kwa mtaalamu wa kuokoa data, mpaka picha zikatoka na kuhamishiwa humu, na angempigia kumwambia kama simu yake ingepita. Akaichomeka kwenye kompyuta. Mama akatokea kwenye skrini, amenyoosha kiganja, anakataa kupigwa picha kama kawaida yake.

Mpiga picha alifuta machozi kwa mkono wa gauni. Hasira yake ilibaki imesimama, haina pa kukaa.

“Kosa ni langu,” fundi alisema. “Hii ni yako, nakala ya pili iko nyumbani kwangu. Hazikai nyumba moja, moto haubishi hodi.”

“Na tukioana, nyumba ikawa moja?”

“Ya tatu itahitaji kukaa kwingine.”

“Itakaa kwa mama yako,” mpiga picha alisema, na tayari alikuwa anabonyeza simu.

“Mama usimpigie, nakuomba.” Miezi yote miwili fundi alikuwa akimwambia mama yake kwamba mchumba amesafiri.

“Shikamoo mama. Hapana, sikusafiri popote. Kaa vizuri nikusimulie alichonifanyia mwanao, kisha tupange siku ya harusi.”

Fundi akamsogezea kiti. Hadithi ilikuwa ndefu.