Herufi Zilizohamia Shamba la Zabibu

Sikieni, jirani, mambo yaliyoikuta nyumba moja ya mtaa wa Majengo, miaka ile biashara ilipoachwa huria na kompyuta zikaanza kuingia mjini.

Shamila na mumewe Athuman walikuwa na duka la kuchapa kadi. Asubuhi chai ya tangawizi, redio kwa sauti ya chini, mashine inatema kadi, raha tupu. Ila Athuman alikuwa na ugonjwa mmoja: akisikia kuna kitu kipya, hatulii. Siku hiyo akaja na sidii ya programu mpya ya herufi. Ya zamani akaifuta papo hapo.

“Umeuliza kwanza?” Shamila akamwambia.

“Niulize nini? Mpya ni mpya!”

Mchana akaingia Mama Generosa, aliyekuwa anamwoza binti yake Jumamosi. Akapokea kadi ya kwanza, akaigeuza juu chini.

“Shamila mwanangu, hii ni kadi au ramani ya madirisha?”

Kweli, palipopaswa kuwa na majina ya maharusi pamejaa visanduku vitupu. Shamila akazima mashine. Wageni wataalikwa kwa kadi gani?

Wakamwita Cornel, fundi wa kompyuta. Akachungulia, akaguna.

“Programu yenu ya kadi inategemea hii ya herufi. Hii ya herufi nayo inategemea nyingine ndogo, ambayo zamani ilikuwa inafungwa humo humo kwenye pakiti moja. Safari hii watengenezaji wameitoa, kila mtu aitafute kivyake. Nyie hamkujua hata kama ipo. Sidii ya zamani iko wapi?”

Athuman akakuna kisogo. “Ipo shambani Msalato, kwa mama mkwe. Nilimpa juzi aining'inize kwenye mizabibu, ifukuze ndege.”

Mama Generosa akashika kiuno. “Yaani harusi ya mwanangu inalinda zabibu!”

Shamila alifika Msalato ana vumbi hadi kwenye kope. Sidii inametameta juani, imechafuliwa na ndege wale wale.

“Shikamoo mama. Nimeifuata hii.”

“Marahaba. Na ndege wangu niwaambieje?”

Akaiosha kwa sabuni, akaifuta kwa kanga. Dukani Cornel akaiingiza. Ikakoroma, ikagoma, ikakoroma tena, ikakubali. Jina la Generosa likatoka limenyooka, na mama yake akapiga vigelegele mpaka wauza nafaka wa jirani wakaja kuuliza nani kajifungua.

Jioni Athuman akaipeleka ile mpya Msalato, kwa miguu yake mwenyewe. Mama mkwe akaitundika.

“Ndege hawachagui,” akasema, “mradi ing'ae.”

FUNZO

Kitu kipya si kibaya, wanangu. Ubaya ni kutupa cha zamani kabla hujajua kimebeba nini, maana unachokiona kimeshikwa na usichokiona, na hicho nacho kimeshikwa na kingine. Wakibadilisha pakiti, fungua uangalie kilichopungua. Jaribu kwanza kwa kadi yako, si kwa harusi ya watu. Na mkeo akikuuliza kama umeuliza, mjibu taratibu.