Kipimo cha Barabara ya Madaba

Emerensiana alikutana na Daimu, dereva wa lori, mwaka 1994, mbele ya duka la vipuri pale Majengo, Songea, wapagazi wakipigiana kelele juu ya magunia ya mahindi. Emerensiana alikuwa fundi sanifu wa barabara, amevaa ovaroli ya bluu na kilemba chekundu, anatafuta lori la kukodi.

"Tunakwenda wapi, dada?" Daimu aliuliza, akijifuta grisi mikononi.

"Madaba. Tukifika utasogea mita chache, usimame. Kisha usogee tena. Siku nne."

Daimu alicheka mpaka shati lake la maua likatikisika. "Hiyo safari au adhabu?"

Lakini alikubali. Huko Madaba Emerensiana alipitisha boriti ndefu ya kupimia katikati ya matairi pacha ya nyuma. Lori lililosheheni mawe liliposogea, lami iliyobonyea iliinuka kidogo mno, na sindano ya kipimo ikamwonyesha kiasi gani. Hakuchimba wala kuvunja chochote. Kila mwaka angerudi kupima palepale, ajue barabara inavyochoka.

"Barabara unaijua hivyo. Na mimi je?"

"Wewe bado sijakupima."

"Basi nipime taratibu, Emi."

Wakapendana miaka miwili. Emerensiana, mzaliwa wa Mbinga, alipanga chumba kimoja Majengo, na Daimu akiwa mjini walikula pamoja. Akiwa safarini, Daimu alimpigia simu ofisini.

"Niko Makambako, mpenzi. Tajiri kanijazia kupita kiasi tena. Usimwambie mtu."

"Nimwambie nani mimi?"

Mwaka wa tatu sindano ilionyesha lami ya Madaba inabonyea karibu mara mbili ya mwanzo. Aliandika kwenye ripoti kwamba malori yanazidisha uzito. Hakutaja lori wala dereva. Mwezi uliofuata mzani ukawekwa barabarani, na lori la kwanza kukamatwa likawa la Daimu. Tajiri akamfukuza kazi. Daimu akaondoka Songea bila kuaga.

Emerensiana alipiga simu Tunduru, dukani kwa mjomba wake Daimu.

"Hayupo, binti."

Wiki iliyofuata, jibu lilelile. Mara ya tatu mzee alimhurumia. "Yuko Mbesa, anaendesha gari la hospitali. Ila mwache kwanza, mwanangu. Ana hasira."

Akamwacha. Kwa miezi minane alisonga ugali wa mtu mmoja, akala akisikiliza majirani wakicheka ng'ambo ya ukuta. Mwishowe alivaa gauni lake la kijani, akapanda basi hadi Mbesa.

Alimkuta Daimu nje ya hospitali, akiosha gari.

"Umekuja kupima nini huku?"

"Nimekuja kukwambia sikukutaja. Ripoti hii hapa. Soma."

Daimu alisoma amesimama, ukurasa baada ya ukurasa. Tarakimu tele, jina lake halimo. Akakaa kwenye ngazi.

"Nilikwambia wewe peke yako, Emi. Nikajua ni wewe."

"Ungeniuliza."

"Niliogopa utasema ndiyo." Aliinamisha kichwa. "Nimeoa. Mwezi wa tatu sasa."

Emerensiana alizikunja karatasi polepole. "Anaitwa nani?"

"Somoe."

"Mtunze."

Daimu alimbebea mkoba hadi kituoni. Aliutua chini, akamgeukia.

"Mbona hukuja mapema?"

"Nilikuwa nasubiri unipigie."

Basi lilipofika, nafasi iliyobaki dirishani ilikuwa upande wa pili, asikoweza kumwona Daimu. Abiria mmoja alijitolea kubadilishana naye. Emerensiana akamshukuru, akabaki palepale.