Fomu ya Mgeni, Dirisha Namba Tatu

Siku ya usajili, chumba cha akaunti za mtandao cha chuo kikuu kilifurika watu mpaka ikawa hata kupumua ni kwa zamu. Kwenye dirisha namba tatu alikaa Kufuli. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu hakuwahi kumfungulia mtu akaunti bila kumwona uso kwa uso, kitambulisho mkononi. Hata mkuu wa chuo aliwahi kurudishwa nyumbani akafuate chake.

Akajitokeza mwalimu wa mimea, shati la kijani, kucha zina udongo.

"Dada, nimekosea nywila mara tano. Nimefungiwa."

"Umeisahau?"

"Niliiandika hapa." Akamwonyesha kiganja. "Halafu nikanawa."

Kufuli alicheka mpaka miwani ikamteleza. Loo, mtu mzima na elimu yake! Jioni simu ikalia. "Nimeikumbuka nywila mpya, ila sasa siwezi kuisahau sura yako." Mwongo huyo! Lakini Kufuli alilala anatabasamu, na baada ya miezi miwili walikuwa wakiitana mpenzi bila kuona haya.

Mchana mmoja walikuwa kantini, mwalimu akimenya chungwa, simu yake ikiwa kwenye chaji ofisini. Tarakilishi ya Kufuli, aliyokuja nayo mezani, ikapiga kengele: mtu ameingia kwenye akaunti ya mwalimu, kutoka mji wa mbali. Kufuli akatazama kumbukumbu za akaunti. Mtu huyo huingia kila siku, wiki ya sita sasa.

Wivu ukampanda. Ni nani? Anafuata nini humo? Alikuwa na uwezo wa kufungua na kusoma kila kitu, na vidole vilimwasha kweli. Hakufungua. Aliifunga akaunti, kama ambavyo angeifunga ya mtu yeyote, akaondoka bila kuaga.

Simu ikaja mbio. "Mpenzi, umenifungia?"

"Umempa nani nywila yako?"

"Mama."

"Wote mkishikwa husema ni mama!"

"Basi fungua uone mwenyewe! Funguo zote si unazo?"

"Ndiyo maana sifungui. Siku nikichungulia yako, nitachungulia ya nani tena? Aje mwenyewe, nimwone."

Akakata simu, akalia chooni, akanawa uso, akarudi kazini. Wiki nzima hawakusemeshana, na Kufuli aliona wazi kwamba akikosea hapa atampoteza mwanamume aliyempenda kwa dhati.

Jumatatu akasimama dirishani mama mrefu, kilemba cha zambarau, kitambulisho mkononi. Nyuma yake mwalimu, kichwa chini.

"Mimi ndiye mwizi," mama alisema. "Nilifundisha mimea miaka thelathini. Huyu nilimfundisha mimi, na sasa nasikiliza mihadhara yake iliyo humo nione kama hapotoshi watoto wa watu. Juzi kakosea kuhusu mizizi."

"Mbona hukuniambia?" Kufuli alimuuliza mwalimu.

"Niliona aibu. Kati ya watu wote, nikwambie wewe kwamba nimegawa nywila?"

Kufuli akashusha pumzi. Aibu ikamjaa, na raha pia. "Nisamehe, mama. Ila hapa kila mtu na akaunti yake. Jaza fomu ya mgeni. Utahitaji mtumishi wa chuo wa kukudhamini."

Mama akaandika taratibu, akairudisha. Kufuli akasoma. *Mdhamini: binti wa dirisha namba tatu. Uhusiano: mkwe wangu.*

"Mama, hii si kweli."

"Basi mwambie huyu airekebishe."

Foleni nzima ikanyoosha shingo. Mwalimu akasogea dirishani, jasho likimtoka. "Usiifute. Utakubali nikuoe?"

"Kitambulisho," Kufuli alisema.

Akampa. Kufuli akaitazama picha, akamtazama yeye kwa muda mrefu, kama anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Ni wewe kweli," akasema, akaigonga fomu muhuri.