Mpangaji wa Kifuani

Fundi bomba aliusikia mvumo ule mara ya kwanza alipomlalia mkewe kifuani: vuuu, kama maji yanayopita ndani ya bomba ilhali koki zote zimefungwa. Hospitali ya kwanza wakasema presha. Ya pili wakasema wasiwasi. Ya tatu wakatoa vidonge vya tumbo, na mama wa watu hata ngazi hapandi bila kushika ukuta! Fundi alichoka mpaka basi.

"Shemeji, huyu hayuko peke yake," dada mkubwa wa mkewe alinong'ona mchana mmoja, wamemkalisha mgonjwa kitandani. "Hebu nusa."

Kweli chumba kilinuka chuma kilicholowa. Mgonjwa akafumbua macho, na sauti iliyomtoka haikuwa yake.

"Nanywa hapa tangu hajazaliwa. Mkinitoa, nipeni kiti kingine, mwili mwingine wa kukaa."

Fundi alikuwa amechoshwa na madaktari, sasa na mashetani nao! Akafoka: "Basi njoo kwangu, umwache apumzike!"

"Neno likishatoka halirudi, shemeji," yule dada akasema kwa sauti ndogo.

Hatimaye alipatikana daktari wa upasuaji aliyejua kusikiliza. Akawachorea moyo.

"Mshipa huu unaoulisha moyo umetokea pasipo pake. Badala ya kuanzia kwenye mshipa mkuu, umeanzia kwenye ule wa mapafuni. Ni kasoro ya kuzaliwa, nadra sana. Wengi hufariki wakiwa wachanga."

"Kumbe bomba limeungwa kusiko kwake!" Fundi alicheka kwa hasira. "Miaka yote hii!"

"Tutaukata, tuupachike panapostahili."

Wakaukata, wakaupachika. Harufu ikatoweka. Haukupita muda mrefu mkewe akapanda ngazi huku anaimba, na fundi akamtania shemeji yake kwamba jini lake lilikuwa mfereji tu. Shemeji hakucheka.

Jioni hiyo mkewe alijilaza kifuani mwa mumewe, akisimulia mapazia anayotaka kuyashona, na maneno yakaanza kupungua, yakawa moja moja, yakakatika kabisa, akabaki ametega sikio huku vidole vyake viking'ang'ania shati la mumewe na harufu ya chuma kilicholowa ikipanda polepole kati yao.

"Mume wangu," alinong'ona, "umeacha maji wazi?"

"Koki zote nimefunga mwenyewe," fundi akajibu. Kisha akakumbuka alichofoka siku ile.