Safu ya Kurudi

"Mbona safu yako ya kurudi iko tupu?"

Mchumba wangu hakuinua kichwa. Ramani ilifunika meza nzima ya chakula, vikombe viwili vya chai vikiizuia isijikunje. Mlima ule hauna njia wala kibao. Unapanda kwa dira na karatasi yenye safu mbili: nyuzi za kwenda, nyuzi za kurudi, yaani pembe za kufuata kwenye dira. Mimi ni mpima ardhi, hesabu hizo ndizo mkate wangu. Karatasi yangu aliijaza yote. Yake iliishia kileleni.

"Nitaijaza baadaye."

"Baadaye lini? Tunaondoka kesho, harusi wiki ijayo. Mwenzangu, unanipeleka nikashuhudie nini?"

Akanisogezea simu. Ujumbe ulitoka kwenye namba ya mkewe, yule ambaye ukungu ulimmeza kwenye mlima huohuo miaka minne iliyopita, simu yake ikiwa mfukoni.

*Bado nipo huku juu. Baridi.*

Nikamrudishia simu.

"Kuna mtu anakuchezea. Namba hiyo ameshapewa mwingine."

"Nami nilidhani hivyo. Nikamuuliza neno la mwisho nililomwambia. Akalitaja."

"Ulimwambia nini?"

"Nisubiri hapa, nakuja." Akagusa kilele kwenye ramani. "Nilishuka kutafuta maji, ukungu ukafunga. Karatasi ya kurudi nilikuwa nayo mimi. Ilikuwa moja tu."

Niseme kweli, nilimwonea huruma, na marehemu nikamwonea wivu. Mwanamume ninayempenda alikuwa anajiandaa kufa ili atimize ahadi aliyompa mwanamke mwingine.

"Humfuati," nikasema. "Anachohitaji ni karatasi, si wewe. Nampa."

Nikavuta kiti, nikaijaza ile safu kwa wino, nikaipiga picha kwa simu yake, nikaituma kwenye namba ile. Tiki mbili zikatokea papo hapo.

*Asante, mdogo wangu. Nashuka.*

Mchumba wangu alilia begani kwangu mpaka blauzi ikalowa. Kisha akaikunja ramani mwenyewe.

"Hatuendi tena," akasema. "Tufunge ndoa yetu."

Siku nne simu ilikaa kimya, nami nikaanza kucheka tena. Siku ya tano, asubuhi, nilikuwa najaribu gauni la harusi sebuleni simu ilipolia.

*Nimevuka mto.*

Saa sita ikalia tena.

*Nimeona paa.*

"Paa gani?" mchumba wangu akauliza.

Lilikuwa letu. Kazini kwetu mstari hauachwi nusu. Safari tuliyoipanga ilianzia hapa nyumbani, na zile nyuzi za kurudi nilizijaza zote, mpaka mlangoni petu.

Mlango ukagongwa, taratibu, mara tatu.

"Usifungue," nikamwambia. "Nakuomba. Nichague mimi."

Alinitazama kwa upendo, na upendo ule sina shaka nao hadi leo. Kisha akachukua koti lake lililokuwa kitini.

"Ana baridi, mpenzi," akasema, akashika komeo.